Wiki za mwisho wa mwaka zisipotezwe darasani

MUHULA wa tatu ndio mfupi zaidi katika kalenda ya shule za msingi nchini. Mwaka wa 2025, kwa mfano, ulidumu wiki tisa pekee, kuanzia Agosti 25 hadi Oktoba 24, ilhali muhula wa kwanza ulikuwa wa wiki 13 na wa pili wiki 14. Yaani, kati ya wiki 36 za masomo, ni robo tu iliyoangukia mwisho wa mwaka.

Hata hizo chache hazitumiki zote kwa masomo. Katika shule nyingi, tathmini ikishakamilika, walimu huinamia karatasi za kusahihisha na fomu za kujazwa. Wanafunzi nao huachwa wakizurura uwanjani, kufyeka nyasi au kupiga deki madarasa hadi siku ya kufunga shule.

Mazoea hayo humdhuru kila mwanafunzi, lakini wa Gredi ya Tatu ndiye huumia zaidi.

Sera ya lugha katika elimu inaelekeza kwamba mtoto wa Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu afunzwe kwa lugha ya eneo lake, au Kiswahili mahali penye mchanganyiko wa jamii. Kuanzia Gredi ya Nne, lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Hapo ndipo mwanafunzi anapokutana na Sayansi na Teknolojia, Masomo ya Jamii pamoja na Kilimo na Lishe, kila somo likiwa na kitabu chake.

Hadi Gredi ya Tatu, mtoto hujifunza kusoma. Kutoka Gredi ya Nne, husoma ili ajifunze. Aliyevuka kabla ya kuimudu stadi hiyo hakosi somo la lugha peke yake, bali hukosa karibu yote.

Hofu hii ina msingi. Uchunguzi wa shirika la Uwezo, ulioanza kufanywa nchini mwaka wa 2009, ulionyesha mara kadhaa kwamba watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili.

Isitoshe, kuvuka huko hakumsubiri mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza mwanafunzi kurudishwa au kuzuiliwa katika darasa moja. Ni sheria yenye busara, kwa kuwa kukariri darasa kuliwavunja moyo watoto wengi hadi wakaacha shule. Hata hivyo, inamaanisha kwamba Januari ikifika, anayejua kusoma na asiyejua wataketi dawati moja. Mwalimu wa Gredi ya Tatu hana fursa nyingine ya kuziba pengo ila wiki hizo za mwisho.

Dakika moja kwa kila mtoto

Hatua ya kwanza ni kujua nani amekwama na amekwama wapi. Mpango wa Tusome, ulioanzishwa katika shule za umma mwaka wa 2015, uliwazoesha walimu mbinu rahisi: mtoto hupewa kifungu kifupi asome kwa sauti kwa dakika moja, kisha mwalimu huhesabu maneno aliyoyatamka sawasawa. Kwa Kiswahili, aliyefikisha maneno 45 alihesabiwa kuwa msomaji mahiri.

Darasa likiwa na wanafunzi 60, mwalimu akiwasikiliza 12 kila siku, atakuwa amewamaliza wote kwa siku tano za wiki. Baada ya hapo anaweza kuwagawa kwa makundi kulingana na mahitaji yao: wanaotatizwa na silabi, wanaosoma neno mojamoja kwa kusitasita, na wanaosoma vyema lakini hawaelewi walichokisoma. Wale mahiri wanaweza kuketishwa na wenzao ili wasaidiane. Mtoto huona haya kukosea mbele ya mwalimu, ila mbele ya rafiki yake hujaribu tena.

Hisabati nayo haihitaji mitihani zaidi kipindi hiki. Pakiti tupu za chumvi, majani chai na unga zikipangwa juu ya meza na kubandikwa bei, darasa huwa na duka. Wanafunzi hupokezana zamu za kuuza na kununua kwa pesa za kadibodi. Mteja aliyetoa noti ya Sh100 kwa bidhaa za Sh65 atadai Sh35 zake, na muuzaji akikosea, mzozo huo ndio somo lenyewe. Mwalimu akisimama kando na kusikiliza, atang'amua nani anaweza kutoa na nani anakisia tu.

Jalada na ripoti

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chini ya Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, kila mwanafunzi anatarajiwa kuwa na jalada la kazi zake: michoro, insha, picha za miradi na kadhalika. Mara nyingi majalada hayo hufunguliwa wakati wa kukaguliwa pekee.

Mwisho wa mwaka ndio wakati wa kuyarudia. Mtoto akiweka maandishi yake ya Februari kando ya yale ya Oktoba, atajionea kwa macho yake alivyopiga hatua. Akiombwa kuchagua kazi tatu anazojivunia na kueleza sababu, atakuwa amejifunza kujitathmini.

Kadhalika, wazazi wanafaa kuelezwa maana ya ripoti wanazopokea. Wengi walilelewa katika mfumo wa 8-4-4, na swali lao la kwanza bado ni, "Amekuwa nambari ngapi?" Ripoti ya sasa haina jibu la swali hilo. Inaonyesha iwapo mwanafunzi amezidisha matarajio, ameyafikisha, anayakaribia au yuko mbali nayo katika kila somo. "Kukaribia matarajio" katika kusoma si pongezi wala si aibu. Ni taarifa kwamba mtoto anahitaji msaada, na mzazi anapaswa kuuliza ni msaada gani.

Mwalimu wa Gredi ya Nne pia anastahili kupata taarifa hiyo. Kwa kawaida, hulipokea darasa jipya bila kujua lolote ila majina. Ukurasa mmoja kutoka kwa mwenzake, unaotaja wanaohitaji kuketi karibu na ubao, wanaoogopa kusema na wale ambao bado wanahangaika na silabi, unaweza kumwepusha kupoteza muhula mzima akibahatisha.

Likizo ndefu

Siku ya kufunga shule huwa na shamrashamra zake. Wanafunzi huimba, hukariri mashairi na kuigiza, na chanda chema huvikwa pete. Ni heri tuzo hizo zisiwaendee wenye alama za juu pekee. Aliyeanza mwaka akishindwa kusoma jina lake na sasa anasoma aya nzima amefanya kazi kubwa pengine kuliko wote.

Baada ya hapo huja likizo ya takriban wiki kumi. Sheria iyo hiyo ya mwaka wa 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, nayo shule hukusanya vitabu vya serikali kabla ya kufunga na kuvifungia stoo. Kwa mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kitabu kingine, huo huwa mwisho wa kusoma hadi Januari, na stadi aliyoipata kwa shida huanza kupotea.

Tatizo hilo linaweza kupunguzwa bila gharama kubwa. Katika wiki mbili za mwisho, kila mwanafunzi anaweza kukunja karatasi chache za daftari, kuzishona kwa uzi na kuandika hadithi aliyosimuliwa na nyanya au babu yake, pamoja na michoro. Wakisomeana na kubadilishana, kila mmoja ataenda nyumbani na kijitabu cha mwenzake, na kukirudisha shule zikifunguliwa.

Mzazi asiyejua kusoma anaweza pia kushiriki. Ni kiasi cha kumwita mtoto jioni, kumketisha karibu na taa na kumwambia amsomee.