Bega linalotoka kila mara: lini lipasuliwe?

Mkwezi wa minazi au mchumaji karafuu wa Kizimbani hufanya kazi mkono ukiwa juu ya kichwa. Bega likishatoka mara moja, hasa kwa kijana, hutoka tena kwa urahisi, kwani ukingo wa gegedu unaozunguka kikombe cha bega umebanduka. Kuchua hakuurudishi.

Kwa wengi mazoezi ya misuli hutangulia. Yasipofaa, kuna upasuaji. Njia aliyoieleza Bankart wa London mwaka 1923 ni kuushona ukingo kwenye mfupa. Siku hizi mara nyingi hupitishwa kamera kwenye matundu madogo. Lakini kikombe kikiwa kimemeguka sana, kushona pekee hakutoshi. Hapo hutumika njia ya Mfaransa Latarjet ya 1954: ncha ya mfupa wa bega hukatwa pamoja na kano zake, ikafungwa kwa skrubu mbele ya kikombe.

Kwa hiyo mwulize daktari kwanza: mfupa wangu umemeguka kiasi gani? Na uliza utarudi lini mtini, maana ni miezi, si wiki.

Likitoka leo, asiuvute mtu mkono. Ufunge kwa kanga, uende hospitali.