Chakula cha Maksai wa Plau

Hapa Ufipa mvua huanza Novemba, na ndipo maksai hufungwa nira. Lakini nyasi zimekauka tangu Juni. Mnyama huja kazini mbavu zikihesabika, akalala katikati ya shamba. Watu humpiga, kumbe ana njaa!

Basi baada ya mavuno, mabua ya mahindi na maganda ya maharage yasichomwe moto. Yawekwe juu ya uchanja, mvua isiyafikie. Kabla ya kulima aongezewe pumba, kidogo kidogo, kwani tumbo lake lenye vyumba vinne halipendi kugeuziwa chakula ghafula. Mahindi matupu, yakizidi, huchachuka humo na yaweza kumwua. Chumvi asinyimwe. Jua likiwa kali afunguliwe, anywe maji, akacheue kivulini. Asipocheua, mabua hayo hayamfai kitu.