Pwani Wanayoiona Kianyaga

Leo naiweka siasa kando, nataka tuzungumze tamthilia. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya kina mama na watoto. Nami nilikuwa nikidhani hivyo, mpaka nilipofika Kianyaga.

Nilikuwa nikimsindikiza mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyepata nafasi ya masomo upande wa Mlima Kenya. Kianyaga ni mji mdogo katika Kaunti ya Kirinyaga, umezungukwa na mashamba ya kahawa na chai. Ndiyo kaunti ya Mwea, unakotoka mchele wa pishori tunaoupikia biriani zetu. Tulipokelewa na mama wa rafiki yangu niliyewahi kufanya naye kazi Mombasa. Ni mama wa makamo ya bibi yangu, na pale kila mtu humwita Shosho, nami nikamwita hivyo hivyo.

Jioni baridi ilikuwa ya kutetemesha meno. Tukaletewa chai ya maziwa, televisheni ikawashwa. Kwanza habari za Kikikuyu za Inooro TV, kisha Shosho akageuza akaweka tamthilia ya Kiswahili. Shosho ni mtu wa kanisa na Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini mchezo uliponoga nikamsikia anasema, "Wallahi huyu mwanamume muongo!" Nikamuuliza neno hilo kalipata wapi. Akanijibu, "Kwa Sultana."

Hapo nikafurahi. Lakini baadaye akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mwanangu, ni kweli huko kwenu majini wanaingia mpaka ndani ya nyumba?" Mimi nilicheka. Mpwa wangu hakucheka. Usiku akanieleza kuwa katika kundi la WhatsApp la wanafunzi wapya, alipotaja tu kwamba anatoka Mombasa, mmoja alimuuliza kama atakuja na jini lake. Mwengine akasema hatalala naye chumba kimoja. Waliandika kwa mzaha, lakini mtoto alikuwa amelia.

Basi tujiulize, picha hii imetoka wapi?

Tusikimbilie kulaumu. Tamthilia zimetufanyia mengi. Zamani Kiswahili cha kuigiza kilikuwa cha kuchekesha. Katika Vitimbi ya KBC, marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang wetu, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili cha lafudhi ya Kijaluo, na nchi nzima ikavunjika mbavu mpaka alipofariki mwaka 2015. Lafudhi ya Mpwani haikuwa na nafasi kubwa. Hali ilibadilika walipoingia Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla na kampuni yao ya Jiffy Pictures. Maria ilianza Citizen TV mwaka 2019, Zora ikafuata 2021, kisha Sultana 2022. Sultana ndiyo iliyomweka msichana wa Pwani, tena asiyeona, katikati ya hadithi, na watu wa bara wakakaa kitako kumsikiliza. Kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko mikutano mingi ya kukuza lugha.

Shida iko katika namna kazi hii inavyofanywa. Tamthilia ya kila siku huonyeshwa Jumatatu hadi Ijumaa. Vipindi 5 kwa wiki ni kama 260 kwa mwaka. Mwandishi hana muda wa kutafakari, maana kesho kamera inasubiri. Kila kipindi lazima kiishe mahali ambapo mtazamaji hatalala bila kutaka kujua la kesho, kwa sababu matangazo ya biashara hufuata watazamaji. Kwa hivyo mwandishi hushika yale ambayo hayashindwi: mtoto aliyebadilishwa hospitalini, tajiri katili, mama mkwe mwenye wivu. Hadithi ikiwa ya Pwani, huongezwa mganga na jini. Jini halihitaji seti ya bei ghali. Moshi kidogo, sauti nzito, watu wameogopa.

Sisi Waislamu tunaamini kuwa majini wapo, jambo hilo limo ndani ya Qurani. Lakini kuwepo kwao si ndiyo maisha yetu. Asubuhi Mpwani anaamka kwenda bandarini, shuleni, baharini kuvua, au dukani kwake. Na akipata shida, mara nyingi shida yenyewe ni ya ardhi, ya mihadarati iliyomla kijana wake, au ya mtoto aliyesoma na kazi hakuna.

Je, mambo hayo hayawezi kuwa tamthilia? Yanaweza. Mwaka 2022 Netflix ilionyesha Country Queen, tamthilia ya Kenya. Msichana anarudi kijijini kwao kutoka Nairobi na kukuta kampuni ya madini inainyemelea ardhi ya watu wake. Hakuna jini hata mmoja, na unakaa mpaka mwisho. Niliitazama nikajiambia, hii ni Kwale, hii ni Kilifi, ila imeigizwa Ukambani. Kasoro yake ni kuwa inakwenda polepole, na Shosho hana Netflix. Anayeona king'amuzi cha kawaida tu anabaki na yale ya saa moja na nusu usiku.

Sasa tutazame mbele. Septemba 2025 kampuni ya Canal+ ya Ufaransa iliichukua MultiChoice, wenye DStv na Maisha Magic, kwa hivyo maamuzi ya tamthilia nyingi tunazotazama yana mwenyewe mpya. Mwaka 2027 tuna Kombe la Afrika hapa Kenya, Uganda na Tanzania, na Agosti mwaka huo huo tuna uchaguzi mkuu. Mpira na kampeni vitabana nafasi, na nafasi ikibanwa, kitakachobaki ni kile kinachouza haraka. Ndiyo maana nasema tuseme mapema.

Vijana wetu wa Lamu, Malindi na Mombasa wenye kipaji cha kuandika wasingoje kuitwa kuigiza mganga. Waandike, wapeleke. Nasi watazamaji, kipindi kikitusingizia, tusiishie kulalamika barazani. Tukiandikie kituo, kwa adabu na kwa jina. Na kikituonyesha vizuri tukisifu pia, maana anayesifiwa hurudia.

Asubuhi ya kuondoka, Shosho aliniuliza tunaishije huku Pwani. Nikamweleza habari za uvuvi, madrasa za jioni, harusi za siku tatu, na namna mchele wa kwao Mwea unavyogeuka biriani mkononi mwa dada yangu. Akasikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akaniuliza, "Sasa hayo mbona hawaonyeshi?"

Sikuwa na jibu. Mpwa wangu amebaki huko, na juzi alinipigia simu kuomba vipimo vya viungo vya pilau. Wenzake wa chumbani wanataka kuonja.