Limfoma Kali na Hitilafu ya Jeni Isiyorithiwa

Limfoma ni saratani ya limfosaiti, yaani chembe nyeupe za damu zinazoukinga mwili. Baadhi ya aina zake hukua polepole kwa miaka. Nyingine huenda mbio. Iendayo mbio kupita zote ni limfoma ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari mpasuaji Denis Burkitt, ambaye mwaka 1958 alieleza uvimbe wa taya aliouona kwa watoto nchini Uganda. Seli zake huweza kuongezeka maradufu katika muda wa siku moja au mbili.

Chanzo cha mbio hizo kimo ndani ya seli. Kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kubadilishana nafasi na kipande cha kromosomu nyingine, mara nyingi ile ya 14. Jeni iitwayo MYC, ambayo kwa kawaida huiamuru seli igawanyike kwa kiasi, hujikuta mahali ambapo amri yake haikomi.

Familia zisikiapo maneno “hitilafu ya jeni” hudhani ukoo una dosari. Mama hulaumiwa bure, na ndugu hushawishika kulipia vipimo vya damu visivyowahusu. Hitilafu hii huzuka katika seli baada ya mtu kuzaliwa. Hakuipokea kwa wazazi wala hatawarithisha wanawe. Kinachostahili kupimwa ni kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe wenyewe.

Gharama ya kipimo hicho ina sababu. Limfoma ya Burkitt hudai dawa kadhaa kali zinazofuatana kwa karibu, pamoja na nyingine zinazodungwa katika maji ya uti wa mgongo. Limfoma ya seli B kubwa, ambayo nayo ni kali, kwa kawaida hutibiwa kwa rituksimabu na mchanganyiko mwingine wa dawa. Lakini zikionekana hitilafu za MYC na BCL2 kwa pamoja, madaktari wengi huchagua tiba nzito zaidi. Basi ni haki yako kuuliza kama MYC imepimwa, na kupewa nakala ya majibu. Uliza pia figo zitalindwaje, kwa maana seli zifapo kwa wingi mabaki yake huzielemea.

Mtoto akivimba taya au tumbo kwa siku chache tu, usiishie kumng'oa jino. Mpeleke hospitali inayoweza kukata kinyama na kukichunguza, wiki hiyo hiyo.