Kumhemba Mzazi Rusizi

Katika vilima vya Rusizi, wilaya ya Rwanda ambayo wengi bado wanaiita Cyangugu, mwanamke aliyejifungua haachwi na njaa. Siku anapotoka hospitali ya Gihundwe au Mibilizi, mama mkwe au dada yake huwa amekwisha kujaza chupa ya chai kwa uji wa mtama. Ndio igikoma, na watu wanaamini kabisa kwamba mzazi asipokunywa uji, maziwa hayatoki. Wakunga watakwambia kinacholeta maziwa ni mtoto mwenyewe kunyonya mara kwa mara, na ni kweli. Lakini mwanamke aliyetoka damu, ambaye usingizi wake ni wa mang'amung'amu, anahitaji nguvu na maji, na uji unampa vyote viwili. Bibi zetu hawakukosea sana.

Zamani mzazi alikaa ndani siku nane, kwenye kitanda cha uzazi kinachoitwa ikiriri. Hakushika jembe, hakuteka maji, hakuinjika chungu. Alinyonyesha tu. Majirani ndio waliokuja kumhemba, yaani kumtembelea na kumletea mahitaji: huyu na kibuyu cha maziwa, yule na unga, mwingine na mzigo wa kuni. Siku ya nane alitoka nje na mtoto, na watoto wa jirani wakaitwa kula ubunnyano, mlo wa kumpa mtoto jina. Walipewa vijembe, wakalima kipande kidogo cha ardhi, mtu mzima akawanyunyizia maji kama mvua inayonyesha, wakarudi uani mbio huku wakicheka. Wakishalishwa, kila mmoja alimpa mtoto jina alilomchagulia, hata kabla baba hajatoa lake. Familia za Kiislamu za Kamembe na Bugarama zina akika yao, na kuhusu kunyonyesha Kurani inataja miaka miwili kamili. Sasa wanawake zaidi ya tisa kati ya kumi nchini Rwanda hujifungulia kwenye vituo vya afya, na tangu Agosti 2020 mtoto husajiliwa huko huko alikozaliwa, kwa hiyo mara nyingi jina huitangulia sherehe.

Kwangu mimi, uzito wa mila hii uko zaidi katika zile siku za ndani kuliko katika sherehe yenyewe. Siku mbili tatu za kwanza titi hutoa dang'a, maziwa mazito ya manjano, tena machache. Mtoto analia, bibi anaingiwa na wasiwasi: "Mwanangu, mpe hata maziwa ya ng'ombe kidogo, mtoto ana njaa." Katika nchi ambayo ng'ombe ni heshima ya nyumba, ushauri huo unatoka moyoni. Hata hivyo mtoto hahitaji zaidi ya dang'a. Tumbo lake ni dogo mno, na ndani ya matone yale mna kinga ya maradhi. Karibu na siku ya tatu au ya nne maziwa yanajaa kwa mkupuo. Matiti yanavimba, yanapata joto, yanakuwa magumu hata mtoto hapati pa kushika. Akivuta chuchu tupu, inachanika, na mama anauma meno kila anapomweka. Dawa yake ni kukamua kidogo kwanza ili titi lilainike, kusubiri mtoto apanue kinywa, kisha kumsogeza titini, kidevu kikiligusa, mdomo wa chini umebinuka nje. Mambo haya hujifunzwa polepole, mara nane hadi kumi na mbili kwa usiku na mchana, na mwenye kujifunza hawezi wakati huo huo kuwa kisimani.

Kila kijiji cha Rwanda kina wahudumu wa afya wa kujitolea, ambao pia hufuatilia wajawazito na wazazi. Pamoja na juhudi zao, watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee walishuka kutoka asilimia 87 katika utafiti wa kitaifa wa 2014/15 hadi asilimia 81 katika ule wa 2019/20. Kilikuwa bado kiwango cha juu, lakini kilikuwa kimeteremka. Anayeangalia mpaka wa Rusizi asubuhi, wanawake wakivuka kwenda Bukavu, upande wa Kongo, na nyanya, karoti na kuku, anaona angalau sababu moja. Sheria ya kazi, iliyorekebishwa mwaka 2023, inampa mwajiriwa wiki 14 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini ana saa moja kila siku ya kunyonyesha. Mchuuzi wa mpakani hana mwajiri. Asipovuka, hakuna chakula. Akivuka, mtoto anabaki kwa dada mdogo wa mama yake na chupa ya maziwa ya ng'ombe.

Nasi tunaendelea kuhemba, ila kwa kreti za soda, bahasha na picha za simu. Mzazi anavaa vizuri, anapokea wageni, halafu jioni anaosha vyombo vyao.

Ukienda kumhemba mzazi mwezi huu, peleka unga. Mtekee maji, mfulie nguo za mtoto, na kama ni mchuuzi, mshikie biashara yake hata wiki moja. Na ninyi wenye ibimina, vikundi vya kuweka na kukopa, pangeni fungu la mzazi kwenye kikao kijacho, ili mwenzenu abaki nyumbani na mwanawe.