Anayemdai marehemu

Kabla jeneza halijanyanyuliwa kwenda makaburini, mtu mmoja wa familia husimama mbele ya watu na kutangaza: anayemdai marehemu awaone warithi, na anayedaiwa naye pia ajitokeze. Ndivyo ilivyo katika kisiwa cha Mafia, Tanzania, kuanzia Kilindoni hadi visiwa vya Chole na Jibondo, kama ilivyo kwa Waislamu wa pwani nzima. Hapo ndipo baadhi ya watoto husikia kwa mara ya kwanza kwamba baba aliweka rehani minazi yake, au ana deni dukani. Wa kuwathibitishia keshavikwa sanda.

Ukimya kuhusu kifo upo Ulaya pia. Mwaka 2004 mwanasosholojia Bernard Crettaz alianza kuwakusanya watu mkahawani huko Uswisi wazungumze kifo bila kuficha. Mwaka 2011 Mwingereza Jon Underwood akafuata nyayo zake nyumbani kwake London: chai, keki, na maongezi yasiyo na mhubiri. Mtindo ukaenea nchi nyingi. Kwa mtu wa Mafia habari hii inachekesha kidogo. Uzunguni maiti hukabidhiwa kampuni, na wengi huzeeka bila kuugusa mwili wa aliyekufa. Huku ni ndugu na jirani wanaoosha, wanaokata sanda, wanaochimba kaburi.

Ufuo huchimbwa ili maji ya josho yapotelee humo. Pamba na kafuri huwekwa tayari. Sanda ni vipande vitatu kwa mwanamume, vitano kwa mwanamke, na kaburini mwili hulazwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, uso Kibla. Kisha matanga: wanaume mikekani nje, wanawake ndani, kahawa inazunguka, ubani unakusanywa. Hapo kifo huzungumzwa kwelikweli. Aliugua nini, alisema nini mwishoni, nani alimfumba macho, na kama kuna mkono wa mtu. Mwenyewe tu ndiye hayupo.

Na kabla ya hapo? Muulize mzee mgonjwa minazi ya kule shambani anamwachia nani, atakukata jicho: "Unanichuria?" Mdomo huumba, watu huamini hivyo, na mtoto anayeuliza huonekana ana haraka ya kurithi. Ajabu ni kwamba dini yenyewe haiko upande wa ukimya. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamtaka mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wosia wake kuandikwa. Mipaka yake inajulikana: usizidi theluthi ya mali, na mrithi hausiwi mpaka wenzake waridhie.

Mafia ukimya huo una gharama yake. Pat Caplan, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefika kaskazini mwa kisiwa mwaka 1965 na kurudi mara kadhaa katika miongo iliyofuata, alieleza jinsi ardhi na minazi inavyoweza kuwa na wenyewe tofauti. Ardhi ya ukoo, mnazi wa mtu. Mnazi huendelea kuzaa mpandaji akishazikwa, na mara nyingi habari zake hazimo kwenye hati yoyote. Zimo kichwani mwa mzee. Akiondoka nazo, kinachobaki ni kikao cha ukoo, muhtasari wake kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi wa mirathi kuteuliwa, huku kila shangazi akiwa na kumbukumbu yake. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika na kutunza wosia wa watu, lakini atakayeupeleka ni yule aliyekwisha kukubali kwamba atakufa.

Kuna pia kufa kwenyewe. Uganda, tangu 1993, Hospice Africa iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman imewapunguzia wagonjwa maumivu kwa mofini ya maji, wengi wakiwa nyumbani kwao. Lakini mgonjwa wa saratani wa Mafia aliyepewa rufaa ana safari ndefu: bahari hadi Nyamisati, kisha barabara hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Akifia huko, swali huja usiku uleule. Azikwe Dar, maana sunna ni kuharakisha, au avushwe kwao? Mjomba anataka Kilindoni, mke anataka palepale, simu zinapigwa mpaka alfajiri, na mwishowe anayeamua ni mwenye sauti kubwa, au mwenye kulipa nauli.