Sabufa na Amplifaya ya Tawi: Fedha za Wanachama Zinunue Sauti, Zisinunue Namba



Matawi kadhaa ya mashamba ya chai na ya viwanda yametuletea maombi ya kutumia mfuko wa tawi kununua vyombo vya sauti. Sababu zao tunazielewa. Katika mkutano wa watu mia nne uwanjani, walio nyuma hawasikii lolote, na wakati wa kupiga kura huinua mikono kwa kutazama jirani. Tena, kila arusi, kila matanga na kila Mei Mosi tawi hukodi vyombo kwa mtu wa Kampala, naye hulipwa kabla hajashusha hata waya.

Hatupingi maombi hayo. Lakini fedha hizi zimekatwa katika mishahara ya wachuma chai, na tumekwisha kuona zikipotea. Tawi moja liliuziwa katika duka la mjini seti iliyoandikwa mbele, kwa herufi za dhahabu, wati 12,000 PMPO. Tulipoigeuza tukasoma kibao kidogo cha nyuma: seti nzima inakula wati 60 za umeme. Hakuna chombo kinachoweza kutoa siku nzima nguvu kuliko ile inayoingia. Hiyo PMPO ni hesabu ya wauzaji, kila mmoja huipiga apendavyo. Ulizeni wati za RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo bila kuharibika. Muuzaji asiyejua RMS ni nini, mwageni kwa heshima.

Hata wati za kweli hazitoshi kujua sauti. Spika nazo zinatofautiana kama jembe kali na jembe butu. Watengenezaji waaminifu huandika sauti inayopatikana kwa wati moja, ukiwa umesimama mita moja mbele, kwa kipimo cha desibeli. Spika ya desibeli 96 ikipewa wati 100 italia sawa na spika ya desibeli 90 iliyopewa wati 400. Kwa hiyo mwenye spika nzuri anaweza kununua amplifaya ndogo, na fedha iliyobaki ikarudi kwenye mfuko. Ndiyo maana tunayashauri matawi yaanze na spika na sanduku lake, amplifaya ifuate.

Tahadhari moja hapa. Sabufa za magari ni nyingi madukani na bei yake inavutia, lakini nyingi zimetengenezwa kwa chumba kidogo cha gari, ambacho chenyewe huikuza besi. Zikitolewa uwanjani hulia kama mtu aliyefunikwa blanketi. Tafuteni sabufa ya ukumbini ya inchi 15. Ya inchi 18 ina nguvu zaidi, lakini sanduku lake ni mzigo wa watu wanne, nasi tunazijua njia zetu wakati wa mvua. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Sabufa inayoshuka mpaka hapo bila kukoroma inatosha kwa rumba yote mnayoipenda.

Sanduku linaweza kutengenezwa na maseremala wetu wa karakana, kwa plaiwudi ya milimita 18, wakifuata vipimo vya mtengenezaji wa spika bila kupunguza hata kidogo. Mbao za unga wa mbao uliogandishwa huvimba zikinyeshewa. Sanduku lenye tundu hutoa sauti kubwa zaidi kuliko lililozibwa, lakini besi ikishuka chini ya kiwango cha tundu lile, spika hukosa kizuizi na inaweza kupasuka. Asiye na uhakika na vipimo vya tundu afadhali azibe.

Sasa tuje kwenye madaraja ya amplifaya, maana hapa ndipo wajumbe walipogombana sana. Mjumbe mmoja alikataa katakata kununua daraja D, akisema hawezi kuwapelekea wanachama kitu kilichofeli mtihani. Tulicheka, lakini wengi hufikiri hivyo. Herufi hizi si alama za shule. Zinaeleza tu jinsi transista zinavyofanya kazi ndani.

Katika daraja A transista iko kazini wakati wote, hata wimbo ukinyamaza, na umeme mwingi hupotea kuwa joto. Katika daraja B zipo mbili zinazofanya zamu, moja husukuma na nyingine huvuta, lakini wakati wa kubadilishana zamu mashine hubaki bila mtu kwa kitambo, na sauti hukwaruza. Daraja AB liliondoa kasoro hiyo: wa zamu mpya huingia kabla wa zamani hajatoka. Sauti yake ni safi, na amplifaya nyingi za ukumbini zimekuwa za daraja hili kwa miaka mingi. Ikifanya kazi kwa nguvu kamili, AB hutoa kama wati 60 kwa kila wati 100 inazokula. Ikipigwa polepole upotevu huzidi.

Daraja D halishiki bomba nusu wazi. Hulifungua lote na kulifunga lote, mara laki kadhaa kwa sekunde, kisha koili na kapasita hulainisha mapigo hayo yakawa sauti. Kwa nguvu kamili hutoa kama wati 85 au 90 kwa kila 100. Si jambo jipya: mwaka 1964 kampuni ya Sinclair ya Uingereza iliuza amplifaya ya namna hii iliyoitwa X-10, lakini transista za wakati ule hazikuwa na kasi ya kutosha. Za leo zinayo, na kwa besi, ambayo ni mitetemo ya polepole, daraja D halina shida.

Fanyeni hesabu. Sabufa inahitaji wati 500 na umeme umekatika, mna jenereta ya wati 1,000. Amplifaya ya AB itachukua zaidi ya 800, na kilichobaki hakitoshi taa na maikrofoni. Ya daraja D itachukua chini ya 600. Kwa shamba linalotegemea jenereta, tofauti hiyo ni petroli ya tawi.

Lakini D ina ubaya wake. AB ikiungua, fundi redio wa mjini hubadilisha transista kubwa zilizofungwa kwa skrubu. Ndani ya D vitu ni vidogo kama simsim, na mara nyingi fundi hubadilisha bodi nzima. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: sabufa ipewe amplifaya ya D yenye dhamana ya maandishi, na spika za sauti ya watu ziendelee na AB ya zamani kama tawi linayo. Msiitupe. Angalieni pia omu: sabufa mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na kama amplifaya imeandikwa mwisho omu 4, ya tatu msiiongeze.

Siku ya mkutano sabufa izimwe. Maneno hutambuliwa kwa herufi kama s, t, k na f, ambazo ni mitetemo ya juu, besi huzifunika. Spika za sauti ziinuliwe juu ya vichwa, kwa maana uwanjani kila umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6, na wa mbele wasiwazibie wa nyuma. Siku ya ngoma sabufa ikae chini, imeegemea ukuta. Zikiwa mbili ziwekwe pamoja. Watoto wasisimame mbele yake, wala wenzetu waliotoka zamu ya mashine. Kipimo kinachotumika sana kwa kazi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kwa desibeli 100 robo saa inatosha kuumiza masikio.

Dukani waende watatu: mhazini, fundi umeme, na mmoja wa akina mama wanaoongoza ngoma, ambaye hadanganyiki kuhusu besi. Wabebe wimbo wanaoujua na wadai uchezwe kwa jenereta, kwa muda wa nusu saa, kisha waguse amplifaya kwa kiganja. Mhazini asilipe kabla ya hapo. Risiti na kadi ya dhamana zikae katika sanduku la tawi, zisibaki kwa dereva aliyeleta mzigo.